Binti Yetu Anasoma Nini?

Juma lililopita tulipokea barua ya mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, aliyefanya kazi ya upakiaji bandarini kwa miaka thelathini, na ambaye sasa anaishi kwa kiinua mgongo chake na kodi ya vyumba viwili alivyopangisha. Barua yake ilikuwa fupi na yenye uchungu. Alieleza kwamba binti yake, ambaye ni wa kwanza katika ukoo wao kuingia chuo kikuu, ameandika nyumbani kuarifu kuwa amevutwa na masomo ya jinsia, na kwamba utafiti wake wa mwaka wa mwisho utahusu namna mwanamke anavyogeuzwa kuwa kitu. "Nimeuza shamba la minazi la marehemu mama yangu," aliandika mzee huyo, "ili mtoto akajifunze kwamba mwanamke ni mtu? Hilo hata mimi nisiyesoma nalijua." Akatuomba tuseme katika ukurasa huu kama ni haki aendelee kulipa ada, au amshurutishe binti ashike uhasibu kama walivyoagana.

Hapo kwanza tulidhani twaweza kumjibu kwa mistari mitatu, tukamwambia mzee kwamba elimu haina hasara, kisha tukaendelea na shughuli zetu. Lakini binti mwenyewe, aliposikia kwamba baba yake ametuandikia, alifunga safari akaja ofisini. Alituamkia kwa adabu, akapewa kiti, na kabla hajafungua daftari lake akainua macho ukutani. Hapo ukutani palikuwa na kalenda tuliyoletewa mwanzo wa mwaka na mfanyabiashara mmoja wa matairi. Katika picha ya kalenda hiyo alisimama mwanamke kijana aliyevaa nguo chache, ameegemea rundo la matairi.

"Wazee wangu, huyu dada anauza nini?" aliuliza.

Tulimjibu kwamba yanayouzwa ni matairi.

"Mbona matairi yapo nyuma yake?"

Tukacheka, kisha tukaacha kucheka. Kalenda ile ilikuwa imekaa pale miezi mingi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza swali hilo. Yule mwanamke hakuwa na jina katika picha ile, hakuwa na kazi wala neno la kusema. Angeweza kuondolewa akawekwa mwingine, na sisi tusingalitambua. Tairi lilikuwa limeandikwa jina la kiwanda chake na ukubwa wake, mwanamke hakuandikwa lolote.

Basi jambo hilo ndilo analolichunguza binti huyu, na twakiri kwamba si jambo dogo kama lilivyoonekana katika barua ya baba yake. Hebu tulieleze kwa lugha yetu, kwani vitabu vyake vingi vimeandikwa kwa lugha za wageni na kwa maneno yanayochosha.

Kiswahili chetu humweka mtu katika ngeli yake. Twasema mtu huyu amefika, mwanamke huyu amesema. Kitu twakiweka kwingine, twasema kiti hiki kimevunjika. Sasa sikiliza vijana wetu katika vituo vya mabasi, na wazee wetu pia katika baraza za kahawa, wanapopitiwa na mwanamke aliyewapendeza macho. Wataambiana, "Umekiona chombo kile?" Au watamwita kifaa, au mzigo, au mali. Mara moja mwanadamu amehamishwa ngeli, na sarufi yote inamfuata huko alikohamishiwa: chombo kimepita, mzigo umetua. Anayeoa huambiwa amepata jiko. Binti huyu amejaza kurasa nyingi za daftari lake kwa maneno ya namna hii, aliyoyasikia kwa masikio yake sokoni, chuoni na katika daladala, na kila neno ameliandikia mahali na siku aliyolisikia. Sisi tunaojidai kuwa walinzi wa Kiswahili hatukuwahi kuyatazama hivyo. Hata kitenzi chenyewe cha ndoa kina mtendaji na mtendewa: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Binti alituuliza kama twamfahamu mwanamke yeyote ambaye kwa Kiswahili fasaha ameoa. Hatukuwa na jibu, ila mmoja wetu alikumbuka kwamba lipo neno kuoana, nalo ni zuri, lakini halitumiki sana na watu wa posa.

Wanafalsafa wamelishughulikia jambo hili tangu zamani. Immanuel Kant, Mjerumani wa karne ya 18, alifundisha kwamba si halali kumtumia mtu kuwa njia tu ya kufikia haja yako. Simone de Beauvoir, Mfaransa, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1949, alionyesha jinsi mwanamume alivyojifanya kuwa ndiye mtu hasa, na mwanamke akawa ni yule mwingine anayepimwa kwa kipimo cha mwanamume. Na Martha Nussbaum wa Marekani, katika makala ya mwaka 1995, alizichambua njia saba za kumfanya mtu kitu: kumtumia kama chombo cha haja zako, kumnyima kujiamulia, kumwona kama hana nguvu ya kutenda, kumwona kuwa anaweza kubadilishwa na mwingine wa namna yake, kumwona kuwa yuafaa kuvunjwa na kuingiliwa, kumfanya mali ya kununuliwa na kuuzwa, na kutojali anavyohisi moyoni mwake.

Tulipomsikia binti akizisoma njia hizo saba, fikira zetu zilikwenda kwa baba yake. Mfanyakazi yeyote wa nchi hii akiisoma orodha hiyo ataitambua, ingawa haikuandikwa kwa ajili yake. Katika mashamba ya mkonge enzi za ukoloni, watu walioletwa kutoka mbali kwa mikataba waliitwa manamba, kwa sababu mtu alikuwa namba katika daftari la bwana shamba. Akifa manamba mmoja, huletwa mwingine. Wapakiaji wa bandari ya Dar es Salaam waliogoma mwaka 1947 walikuwa wengi wao vibarua wa kuitwa asubuhi na kuachwa jioni, wakapimwa kwa mabega yao tu. Mzee wetu alipoingia bandarini mambo yalikuwa yamekwisha kubadilika, lakini bila shaka alisimuliwa na waliomtangulia. Mtu aliyepata kuwa namba hashindwi kumfahamu mtu anayeitwa mzigo.

Tena yapo mambo ambayo mzee, akiwa mwanachama, pengine ameyasahau. Kabla ya Uhuru, alikuwapo kijana mmoja wa chuo ambaye naye alivutwa na somo hili hili. Kijana huyo alikuwa mwanafunzi wa Makerere katika miaka ya 1940, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliyekuwa na wake ishirini na wawili. Alikisoma kitabu cha Mwingereza John Stuart Mill cha mwaka 1869 juu ya kutiishwa kwa wanawake, akatazama nyumbani kwao, akaandika insha juu ya hali ya wanawake katika jamii alizozijua. Kijana huyo ni Julius Nyerere. Insha hiyo ilikuja kuchapishwa kama kijitabu mwaka 2009, miaka kumi baada ya kifo chake, kwa jina la Uhuru wa Wanawake. Hatudhani kwamba kuna mtu aliyewaambia watu wa nyumbani kwao kuwa kijana wao anapoteza wakati. Na chuo hicho hicho cha Makerere ndicho kilichofungua idara ya masomo ya wanawake mwaka 1991.

Tukisoma Azimio la Arusha la mwaka 1967 twaona kwamba fikira zile hazikumtoka. Humo ndimo ilimoelezwa, bila kuficha, kwamba wanawake wa vijijini wafanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, hali wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Tunayapenda maneno ya Azimio tunapoyasoma kuhusu mabepari. Hayo ya likizo ya wanaume huwa twayapita haraka kidogo.

Sasa tufike mahali ambapo sisi wa siasa na wa magazeti hatuna budi kujitazama. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua ngozi na nguo za kubana, marufuku hayo yaanze tarehe 1 Januari 1969. Kazi hiyo iliitwa Operesheni Vijana. Nia iliyotangazwa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa na kukataa kuiga wageni. Lakini hata tarehe yenyewe haijafika, makundi ya vijana yaliwashambulia wanawake Kariakoo, wakawashusha katika mabasi na kuwachania nguo. Magazeti yakajaa barua. Wako walioandika kuunga mkono, na wako waliouliza kwa nini taifa lipimwe kwa mapaja ya binti na si kwa mambo mengine.

Binti wa mzee anasema, na katika hili twamuunga mkono ingawa linatuuma, kwamba yule anayemvua mwanamke nguo ili auze tairi, na yule anayemchania nguo ili kulinda taifa, wote wawili wamekwisha kuafikiana jambo moja: kwamba mwili ule si wake mwenyewe. Mmoja ameugeuza kuwa tangazo la biashara, wa pili ameugeuza kuwa bendera. Aliyeulizwa anapenda kuvaa nini hakuwapo. Tusiseme kwamba ubaya wote uliletwa na ubepari wa kigeni, kwani mikono iliyochana zile nguo ilikuwa ya vijana wetu, na waliosimama kutazama walikuwa majirani zetu.

Mashindano ya urembo yaliyozuiwa katika miaka hiyo yalirudi mwaka 1994, safari hii yakiwa na wadhamini wenye fedha. Hatutaki kuyasemea mengi. Biashara ilifunguliwa, nayo ikaja na vyake.

Twarudi kwenye habari za kujichubua, kwa sababu hapo jambo linaacha kuwa maneno na kuwa ngozi ya mtu. Mkorogo wauzwa hata leo katika vichochoro vya miji yetu, na krimu zenye zebaki na haidrokwinoni, ingawa zimepigwa marufuku, hupenya mipakani. Zebaki hudhuru figo. Haidrokwinoni ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huiacha ngozi na mabaka yasiyofutika. Ni nani aliyemwambia mama wa Buguruni au wa Ilemela kwamba rangi aliyozaliwa nayo ni kosa? Hakuna aliyemwambia kwa mdomo. Ameambiwa na kila picha aliyopita mbele yake tangu utotoni, na mwisho amejifunza kujitazama kwa jicho la mtu mwingine. Hili la kujitazama kwa jicho la mwingine, wataalamu wawili wa Marekani, Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts, waliliandikia nadharia nzima mwaka 1997. Mwaka uliofuata wao na wenzao walitoa habari za jaribio lao. Wanafunzi waliambiwa wajaribu vazi la kuogelea, wengine sweta, kila mmoja peke yake chumbani mbele ya kioo, kisha wakapewa mtihani wa hesabu. Wanawake waliovaa vazi la kuogelea walipata alama pungufu kuliko wenzao wa sweta. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Hakuwapo mtu wa kuwatazama mle chumbani. Akili ilikuwa imepewa kazi mbili, moja ya kukokotoa hesabu, na moja ya kujilinda na macho yasiyokuwapo. Mzee aliyetaka binti yake ashike uhasibu na alitafakari hilo la hesabu.

Hapa tuseme pia mahali tulipotofautiana na binti. Yeye, kwa ari ya ujana, alitaka kuliweka kila pambo katika kapu moja. Sisi twasema la hasha. Mwanamke anayejipaka hina kwa ajili ya arusi ya mdogo wake, anayechagua kanga kwa neno lililoandikwa juu yake ili amjibu jirani bila kufungua kinywa, anayecheza taarabu akatunza, huyo hakugeuzwa kitu. Huyo anasema, na wanaohusika wanamsikia vizuri sana. Uzuri si dhambi. Tulibishana naye hapo kwa muda mrefu, akaandika hoja yetu katika daftari lake, lakini hatukuona dalili kwamba ameikubali.

Mzee anauliza faida. Twamkumbusha mambo machache yaliyotokea hapa hapa nchini. Mnamo mwaka 1980 wanawake wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kukutana katika kikundi cha kujifunza mambo ya wanawake. Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake walianzisha chama chao, TAMWA, wakatoa jarida wakaliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad wa Unguja, ambaye katika miaka ya 1920 aliimba wazi juu ya mwanamke aliyenajisiwa na kuuawa, akalaumu hukumu iliyowaangukia wasiostahili. Wengi wakati huo waliwaona wanawake hawa kuwa watu wa maneno tu.

Kisha ukafika mwezi Februari 1990. Katika Chuo Kikuu hicho kulikuwa na kundi la siri la wanafunzi wanaume lililojiita Punch, ambalo kazi yake ilikuwa kubandika ukutani michoro na maandishi ya kuwafedhehesha wanafunzi wa kike, hasa waliokataa kuwa wapenzi wao. Aliyebandikwa hutengwa, na anayesema naye hutengwa pia. Mwanafunzi mmoja wa kike, binti wa watu, aliandamwa na mateso ya namna hiyo hata akajiua. Alikuwa ameletwa chuoni kusoma, kama huyu wa mzee wetu, na bila shaka kuna mzazi aliyekuwa ameuza kitu ili afike pale. Wale waliokuwa wakiitwa watu wa maneno ndio waliosimama, wakaandika, wakatoa sauti, wakaanzisha huduma ya kuwasaidia wanawake waliodhulumiwa. Vuguvugu hilo, pamoja na la wengine wengi, liliendelea mpaka Bunge likatunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo pamoja na adhabu kali za ubakaji iliutambua unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai. Tukio kama lile la mwaka 1990 halikuwa hata na jina la kisheria lililolifaa. Jina lilibidi litafutwe na watu waliokaa chini wakajifunza.

Hata mahakamani imekuwa hivyo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi ya mke nyumbani, ya kupika, kufua na kulea, ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kabla ya hapo majaji walikuwa wakivutana juu ya jambo hilo, wengine wakisema kwamba mke wa nyumbani hakuchangia kitu.

Na kwa wasomaji wetu wafanyakazi, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kimemfanya mkubwa anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki yoyote kuwa mla rushwa kama walivyo wala rushwa wengine. Kila tawi la chama cha wafanyakazi lingefaa kukibandika kifungu hicho mlangoni. Twajua, kwa barua tunazoletewa, kwamba wako wasichana wa viwandani na maofisini ambao hawajapata kukisikia, na wako mabosi ambao wangependa kisisikike.

Tulimuuliza binti atakula nini akihitimu. Alisema hajui kwa hakika, kama wasivyojua wenzake wa uhasibu. Halmashauri zetu zina maofisa wa maendeleo ya jamii, vituo vya polisi vina madawati ya jinsia, na magazeti yahitaji watu wa kuyasahihisha. Hilo la mwisho alilisema akitazama kalenda. Tuna ombi moja kwake, nalo tulimwambia usoni. Utafiti ule auandike na kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo baba yake anaweza kuyasoma akiwa barazani. Alikuwa amemwandikia barua nzima ya maneno magumu ya kigeni, na mzee wa watu akadhani anatukanwa. Binti alikiri kosa hilo. Alisema neno "kitu" lilimpa shida kulieleza nyumbani, ndipo mmoja wetu akamshauri amwulize baba yake habari za manamba, aanzie hapo.

Mzee, ulituuliza kama ni haki uendelee kulipa. Twaona ni haki, na twakuomba ulipe. Hilo unalosema kwamba walijua hata bila kusoma, sisi pia tulidhani twalijua, na kalenda ilikuwa juu ya vichwa vyetu tangu Januari. Binti ametuambia kwamba ada ya muhula yadaiwa kabla ya mwisho wa mwezi huu, na kwamba atakuja nyumbani Jumamosi kwa basi la asubuhi kuzungumza nawe yeye mwenyewe. Anakuja na daftari lake. Ukurasa wa kumi na mbili una maneno aliyoyaokota langoni pa bandari, na angependa umsaidie maana ya mawili kati ya hayo.

Kalenda tumeishusha. Tarishi wetu amelalamika kwamba sasa hajui tarehe.